Kapteni wa Lituhi na Nyimbo Zake

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani tuna ada moja isiyo njema. Tukisikia wimbo mzuri wa Kiswahili twauliza kwanza umetoka mji gani, na tukiambiwa umetoka bara twakunja uso kidogo, kama mtu aliyeletewa halua akaambiwa mpishi wake hajapata kuuona mji wa Unguja. Twaona utamu wa maneno ni wetu toka zamani, na wengine wote ni wageni waliokaribishwa. Basi leo yafaa tutazame habari za mtu mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alishika usukani wa jukwaa lililotoa nyimbo nyingi zilizoingia majumbani mwetu, tukitaka na tusitake, naye hakuwa mtu wa pwani ya bahari. Alikuwa mtu wa pwani ya ziwa. Namkusudia marehemu Kapteni John Komba, aliyezaliwa Lituhi mwaka 1954 na kufariki Dar es Salaam tarehe 28 Februari 2015.

Sikukusudia kuandika tanzia, kwani wakati wake umekwisha pita. Nakusudia kuipima kazi yake. Nimekuwa nikisikia hukumu mbili juu yake barazani, na zote mbili hazinitoshi. Wanaokipenda chama alichokiimbia husema hakuna mwimbaji aliyepata kumfikia. Wasiokipenda husema alikuwa ngoma tu, hulia kwa mkono wa aipigaye. Ukizitazama hukumu hizi utaona kwamba wote hawa wanapima chama, hakuna anayepima wimbo.

Tuanze na mahali. Lituhi ni mji mdogo wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, katika mkoa wa Ruvuma. Zamani zote hizo ulikuwa ndani ya wilaya ya Mbinga, na mwaka 2012 ikakatwa wilaya mpya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay. Mbinga yenyewe iko juu milimani, kwa Wamatengo, watu wa kahawa na wa mashimo ya ngoro wanayolimia miteremko isiporomoke kwa mvua. Chini ziwani ni Wanyasa, watu wa mitumbwi na nyavu na dagaa. Mtu wa Lamu au Pangani akishuka huko hatajiona mgeni sana: atakuta mchanga, upepo, wavuvi wanaobishana juu ya upepo huo, na watoto waliojua kuogelea kabla ya kujua kusoma.

Na atakuta ngoma. Ngoma kuu ya wanaume wa huko ni mganda. Wachezaji husimama kwa safu, mavazi meupe, kaptura zimepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, na hatua zao ni za gwaride. Kuna ngoma kubwa, na kuna vibuyu vilivyotobolewa na kuzibwa kwa utando, ambavyo mtu huimba ndani yake sauti ikatoka kama tarumbeta. Wanawake nao wana yao, iitwayo kioda, nayo pia ni ya safu na nidhamu. Katika mganda viongozi hupewa vyeo vya kijeshi. Kwa hiyo mtoto wa ufukoni huko hukua akijua kwamba mwimbaji ni mtu anayesimama mbele ya kikosi, huku kikosi kikimwitikia kwa pamoja. Hili liweke akilini, msomaji, kwani ndilo lililoufungua kwangu mlango wa kuelewa nyimbo za Komba.

Lakini mganda ulitoka wapi? Hapa ndipo kiburi chetu cha pwani kinapopata jambo la kukifikirisha. Katika miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni, wakiiga bendi za Wazungu kwa mavazi, kwa hatua na kwa vyeo. Wakagawanyika pande mbili, na kila upande ukashindana na mwenzake kwa kofia, kwa karamu, na zaidi ya yote kwa nyimbo za kumtolea mwenzake aibu. Beni ikashuka Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam, ambako pande zake zikaitwa Marini na Arinoti. Kisha ikapanda bara pamoja na askari, makarani na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita hiyo ililigusa Ziwa Nyasa mapema mno. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa imepandishwa ufukoni Liuli, ambayo siku hizo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Askari waliporudi makwao walirudi na gwaride miguuni na beni masikioni, na katika vijiji vya pande zote za ziwa hayo yakageuka mganda.

Kwa hiyo mbegu ilikuwa yetu. Ilisafiri, ikaota mahali pengine kwa sura nyingine, na miaka sabini baadaye ikaturudia Dar es Salaam kwa mkono wa mtoto wa Lituhi. Wala hatukuitambua.

Komba alisomea ualimu akafundisha, kisha akaingia jeshini, na huko ndiko alikopata cheo cha kapteni kilichokwenda naye mpaka kaburini. Ujana wake ulikuwa katika zama za kwaya. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hakukuwa na shule, kijiji wala kambi isiyokuwa na kwaya yake ya kuisifu siasa ya ujamaa, kuwakaribisha wageni na kuwahimiza watu walime. Kwaya hizi zilichukua sauti nne kutoka makanisani, zikachukua mapigo kutoka ngomani, na maneno zikayachukua hotubani. Wengi wetu tulizisikia tukiwa tumesimama juani tukingoja msafara upite. Hazikuwa na sifa njema kwa wapenda mashairi, maana vina vilikuwa haba na mizani ilikwenda ovyo. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo utenzi wetu wa kusomwa chini ya taa hauna: zilijua kuushika umati wa watu elfu kumi kwa dakika tano.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Chama Cha Mapinduzi kiliona kwamba sasa kitahitaji kuwavuta watu ambao zamani walikuja kwa kuitwa tu. Ndipo kikaundwa kikundi cha Tanzania One Theatre, ambacho kila mtu alikiita TOT, na Komba akawa mkuu wake. Vikundi vya namna hii havikuwa vigeni; Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikwisha kuwa na jina kubwa mjini. Onyesho lao lilikuwa la mchanganyiko: ngoma za makabila, sarakasi, mchezo wa kuigiza wenye kicheko na kilio, dansi, kwaya, na taarab. Mtu akilipa kiingilio kimoja alipata usiku mzima. Watu wa Ulaya nao wana maonyesho ya aina hiyo, ambapo mwimbaji hukaa kwenye piano akaimba, akaigiza, akawatania wenye meza za mbele, na jina lake likawa ndilo onyesho lenyewe. Kwetu mtu huyo hakuwa na piano. Alikuwa na kikosi.

Sasa tumsikilize mwenyewe. Sauti ya Komba ilikuwa nzito, ya kifuani, isiyo na mapambo. Hakuwa na yale mawimbi ya koo ambayo sikio lililolelewa kwa taarab huyangoja, wala hakuyatafuta. Mwili wake ulikuwa mkubwa na aliutumia; alipoinua mkono mmoja hukuhitaji kuambiwa kwamba waitikiaji wanaingia. Alitamka kila silabi kana kwamba anamwandikisha mtoto imla. Huu ni ualimu, na pia ni mganda: neno fupi kwa kiongozi, jibu refu kwa safu. Namna yake ya kutunga ilifuata njia hiyo hiyo. Hatangulizi fumbo. Huuliza swali ambalo jibu lake kila mtu analijua, kisha huacha watu wote walijibu, na kila mmoja huhisi amelifikiri mwenyewe. Ni ufundi mkubwa, na ni ufundi wa hatari, maana mtu aliyejibu kwa kuimba hajapata nafasi ya kujiuliza kama jibu ni la kweli.

Nitasema wazi udhaifu niuonao. Nyimbo zake za kampeni, zile za kila uchaguzi, nyingi hazina ndani yake kitu ila jina na sifa. Aliyesifiwa ni shujaa, ni jembe, ni tegemeo. Ukilitoa jina lake ukatia la mwingine, wimbo hauoni tofauti. Sifa namna hiyo haimsifu mtu, yasifu kiti. Si kwamba kumsifu kiongozi ni jambo ovu kwa asili yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mshairi wake, Hassan bin Thabit, aliyesimama na ulimi wake pale wengine waliposimama na panga. Lakini sifa ya haki humbana msifiwa: humwambia watu wamemwona kuwa ni hivi, basi asije akawa vinginevyo. Katika nyimbo za Komba za jukwaa la siasa nimetafuta ubeti mmoja unaombana msifiwa, na nilioupata hauzidi vidole vya mkono mmoja. Mtu mwenye nguvu zile za kushika umati angeweza kuupenyeza ubeti wa namna hiyo na wasingeweza kumnyamazisha. Hakufanya. Nadhani hili ndilo deni lake kubwa, na ni deni la msanii kabla ya kuwa la mwanasiasa, ingawa alikuwa pia mbunge wa Mbinga Magharibi mpaka kufa kwake.

Ilhali mtu yule yule, mwezi Oktoba 1999, alifanya jambo ambalo hata mahasimu wake hawakulikana. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 ya mwezi ule, na kwa siku zote mpaka mazishi ya Butiama redio ya nchi nzima ilikuwa ni maombolezo. Nyimbo zilizobaki katika vichwa vya watu kutoka siku zile ni za Komba na wenzake wa TOT. Nilizisikia kwa mara ya kwanza dukani kwa mtu, muuzaji akiwa ameuacha mzani wake hewani. Sauti ile ile nzito, kiongozi yule yule na kikosi kile kile. Lakini sasa swali lililoulizwa halikuwa na jibu rahisi, na waitikiaji hawakuwa wakijibu, walikuwa wakilia. Tofauti iko wapi? Kwa maoni yangu, iko hapa: maiti hana cheo cha kugawa. Mwimbaji aliyezoea kuelekeza uso wake juu alilazimika kuuelekeza kwa watu waliosimama naye kwa usawa, na ghafula kila alichojifunza kwenye kwaya ya shule, jeshini na ufukoni kikapata kazi iliyolingana nacho. Hakuhitaji mapambo ya koo. Uzito wenyewe ulitosha.

Lipo jambo la tatu, nalo latuhusu sisi na majumba yetu zaidi ya yote. TOT iliunda taarab yake, ikamchukua Khadija Kopa kutoka Unguja, ambako alikuwa na Culture Musical Club. Muungano nao walikuwa na Nasma Khamis. Mabibi hawa wawili, kila mmoja akiwa na kipaji kisichobishaniwa, wakatupiana maneno ya nyimbo usiku kwa usiku, na wasikilizaji, wengi wao wanawake, wakainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji na papo hapo kumtazama jirani aliyekusudiwa. Ndio mipasho. Ganuni na udi na nai zilirudi nyuma, kikaja kinanda cha umeme kufanya kazi ya watu wanane, na gitaa kando yake. Mwendo ukaharakishwa ili watu wacheze badala ya kukaa vitini kwa staha. Kutoka kumbi za Dar es Salaam kanda zikaingia mabasini, na kutoka mabasini zikaingia jikoni kwetu.

Marehemu mama yangu alikuwa na desturi. Taarab ya Siti binti Saad ikipigwa aliongeza sauti ya redio, hata kama wageni wapo. Mpasho ukipigwa aliipunguza, lakini hakuizima. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kwa ajili ya adabu. Baadaye nikang'amua kwamba alikuwa akisikiliza kwa makini zaidi alipopunguza.

Wengi wetu huandika kwamba mipasho iliharibu taarab, na lawama hutupiwa watu wa bara walioigeuza biashara. Hukumu hii si ya haki. Kwanza, mabadiliko ya ala hayakuanzia kwa Komba. Vikundi vya Tanga, Black Star na Lucky Star, vilitumia magitaa ya umeme miaka mingi kabla yake, nasi tukashangilia. Pili, vijembe ni vyetu. Bibi zetu wa lelemama huko Mombasa na kwingineko walitungiana maneno yaliyovunja urafiki wa miaka, na beni ya Marini na Arinoti iliishi kwa hayo. Siti mwenyewe, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, hakuimba mapenzi peke yake. Alikwenda mpaka kwenye dhuluma za mahakama na aibu za wakubwa, na waliokusudiwa walijijua.

Kilichoharibika, nionavyo mimi, ni pazia. Kijembe cha zamani kilivaa fumbo. Aliyepigwa alijua, aliyepiga alijua, na wa tatu alibaki akibahatisha. Hivyo kesho wote watatu waliweza kukutana kisimani. Fumbo halikuwa urembo tu, lilikuwa ni huruma. Mpasho wa jukwaa la kiingilio hauwezi kuwa na huruma hiyo, kwa sababu mtu wa mwisho ukumbini, aliyelipa na asiyemjua yeyote, lazima naye aelewe na acheke. Na hapa ndipo nafsi ya Komba inapoonekana hata pale asipoimba yeye. Mtu aliyelelewa katika kwaya ya swali na jibu, ambayo neno lake lazima lifike safu ya nyuma kabisa, akipewa taarab mkononi ataifanya nini? Ataifanya ifike nyuma. Hakuwa na nia mbaya kwa sanaa yetu. Aliisomesha tu kwa mtaala aliosomeshwa yeye. Ikafika mbali kuliko ilivyopata kufika, mpaka Songea na Mbinga, ambako miaka ya nyuma usingemkuta mtu wa kukuimbia ubeti mmoja wa taarab, na ikafika imevuliwa buibui.

Nimemtaja Siti, nimtaje na Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Yeye naye alikuwa mwimbaji wa upande. Aliwatungia Mazrui katika ugomvi wao na Sayyid Said, akawatukana watu wa upande wa pili matusi yaliyochongwa vizuri. Utawala wa Mazrui ulikwisha kabla yake. Beti zake zikabaki midomoni mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya pamoja na Taylor, nasi twazisoma leo bila kujali nani alikuwa liwali wa ngome. Zilibaki kwa sababu ndani ya ugomvi ule Muyaka alitia njaa yake, mke wake, nyumba yake mbovu, na mashaka yake juu ya hao hao aliowapigania. Nikizipanga nyimbo za Komba kwa kipimo hicho, za kampeni naona zitakwenda na mabango yake. Zile za mwaka 1999 sioni cha kuzizuia kuishi. Na katikati ya makundi hayo mawili yako maigizo, taarab na vichekesho vya TOT, kazi za watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kanda, na hizo ndizo ninazohofia zitapotea kabla hazijapata mtu wa kuzisikiliza kwa makini.

Alizikwa kwao Lituhi. Kutoka Dar es Salaam ni safari ndefu, mpaka Songea, kisha milima, kisha ziwa latokea chini ghafula, la buluu kama bahari, ila halina harufu ya chumvi.

Oktoba iliyopita redio moja ilirudia maombolezo yale katika kuadhimisha kifo cha Mwalimu. Binti wa jirani, aliyezaliwa miaka mingi baada ya 1999 na ambaye hujua mipasho yote ya mji kwa moyo, alikuwa barazani kwetu akichambua mchele. Aliacha ungo akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Babu, huyu anayeongoza ni nani?" Nikamwambia. Akauliza ni mtu wa wapi, nikamwambia ni wa Lituhi, ziwani Nyasa. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Nilidhani ni wa kwetu."

Sikumjibu. Nilikuwa bado nahesabu safari ya beni.